Mabano

Saa saba usiku, Madimba, chumba cha vipimo.
Feni inazunguka kwa kusitasita
kama mtu anayehesabu hela za wenzake.
Mezani pana kihisi kimoja, kidogo kuliko kizibo cha soda,
ukutani mitungi mitatu imefungwa mnyororo,
na kompyuta inaniambia bila haya
kwamba mtungi wa tatu una gesi
pungufu ya kutokuwepo:
hasi kumi na mbili nukta nane tatu.

Gesi hasi. Gesi ya mkopo.
Tumemkopa nani, na atakuja kudai lini?

Naanza upya. Mtungi wa kwanza ni naitrojeni,
hewa isiyo na habari.
Hata hivyo kihisi kinanong'ona,
volti sifuri nukta nne mbili.
Ndiyo sauti yake ya kuzaliwa. Naiita k.
Wa pili ni methani, hamsini kwa mia
ya kiwango cha kulipuka. Kinapaza:
moja nukta tisa mbili.
Natoa, nagawa kwa hamsini,
mteremko unajitokeza, sifuri nukta sifuri tatu. Nauita m.

Viwili nilivyokuwa sivijui nimevijua.
Basi c, uliyejificha, toka.

Haitoki.

Baba aliijua k kabla yangu
ingawa hakuwahi kuiita hivyo.
Nanyamba, msimu wa korosho, ghalani,
alimshika karani mkono:
"Ngoja. Mzani mtupu, mshale uko wapi?"
Mshale ulikuwa umelala chini ya sifuri, kilo mbili,
umelala hivyo tangu asubuhi,
na kila gunia lililopita
limemwachia mtu fulani kilo mbili zake.
Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka,
wakaanza kuhesabu magunia yao kwa vidole.
Siku hiyo sisi tulipimiwa wa mwisho, gizani,
na karani hakutuitikia salamu
mpaka mvua zikanyesha.

Kwanza toa uongo wa mzani.
Ndipo ugawe.

Nikarudi mstari wa mia mbili na kumi na nne,
mkono wangu mwenyewe, wa mchana, wa njaa:

c = s - k / m

Mashine haina kosa. Imefundwa kugawa kabla ya kutoa
nayo ikatii, ikaichukua k peke yake,
ikaivimbisha mpaka kumi na nne,
ikamdai s, maskini,
mwenye moja nukta moja saba mfukoni.
Nilikuwa nimeandika sentensi isiyo na pumzi.

Naongeza mabano. Kucha mbili za mwezi
zinazotazamana:

c = (s - k) / m

na ndani yake s na k wanamalizana kwanza,
kama ndugu wanaogombania chumbani
kabla ya kutoka ukumbini kwa wageni.

Ishirini na tano.
Naisoma lebo ya mtungi wa tatu: ishirini na tano.
Sikupiga kelele. Nilikunywa maji.

Kihisi nimekivua kofia, kipo wazi mezani,
kinasoma sifuri, sifuri safi ya jasho,
Nandonde wa getini anapochungulia.
"Fundi Somoe, hujalala tu?"
Anainama kuona kilichonikesha.
Moja.
Tatu.
Sita.
Naruka kwenye valvu. Zimefungwa zote.
Namtazama. Ni Oktoba, mabibo yamejaa kila shamba,
na uraka haujui zamu.
Anarudi nyuma hatua mbili. Nne. Hatua nyingine. Moja.
"Kumbe kinanusa?"
"Kinanusa."
Anaishika kofia yake kifuani kama yuko msibani.

Fomu ya ripoti ina nafasi ya chanzo cha kosa.
Niliandika: mabano, mstari wa 214, kosa ni langu.
Kuhusu ile sita, kalamu ilisimama kidogo.
Kisha nikaandika: mvuke usiotokana na mtambo.
Umerudi lindoni wenyewe.